Heko kwa Walimu wa Vitabu vya Maarifa

Hadithi husomwa tangu mwanzo hadi mwisho, lakini kitabu cha maarifa hufunguliwa pale penye jambo linalotafutwa. Kumzoeza mwanafunzi usomaji huu ni kazi adhimu ya mwalimu. Huanza na yaliyomo, yanayoonyesha mpangilio wa sura. Hufuata vichwa vya habari, picha na maelezo yake, majedwali, kisha faharasa, inayopanga mambo kialfabeti pamoja na kurasa zake.

Atlasi ndiyo hudai subira zaidi. Mwanafunzi hutafuta Kilimanjaro kwenye faharasa, hupata ukurasa na mraba, hufuata herufi na namba hadi kidole kiguse mlima, kisha husoma kimo chake: mita 5,895. Ufunguo wa ramani humweleza maana ya rangi na alama. Kwa skeli na rula hukadiria umbali kati ya Moshi na Arusha.

Mwalimu hodari huuliza pia kitabu kilichapishwa mwaka gani, kwa kuwa takwimu hupitwa na wakati. Anayefundisha hivyo, hata kwa atlasi moja inayozungushwa madawatini, huwapa wanafunzi uwezo wa kujitafutia ukweli na kuuthibitisha. Anastahili heshima na shukrani.