Lafudhi na Uso Usiocheka: Sanaa ya Mzee Ojwang'

Uchekeshaji unaotegemea lafudhi hutazamwa na baadhi ya wataalamu wa lugha kwa mashaka. Hudaiwa kwamba huvuruga Kiswahili Sanifu na kuwazoesha watazamaji kudharauliana kikabila. Dai hilo lina uzito, hasa jijini Nairobi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, majirani wa Kibera na Kawangware walishambuliana kwa misingi ya kabila, na Kawangware ikaona mapigano tena Oktoba 2017. Katika hali kama hiyo, matamshi ya neno moja yaweza kumfichua mtu. Kwa hiyo swali la nani anacheka lafudhi ya nani si la burudani tu.

Mfano bora wa kulipimia dai hilo ni Benson Wanjau, aliyefariki Julai 2015. Kuanzia miaka ya 1980 aliigiza Mzee Ojwang' Hatari katika Vitimbi, mchezo wa televisheni ya taifa, ambayo iliitwa Sauti ya Kenya hadi ilipokuwa Shirika la Utangazaji la Kenya mwaka 1989. Wanjau alikuwa Mkikuyu. Ojwang' ni Mjaluo, na Kiswahili chake ni cha Mjaluo. Dholuo haina sauti /sh/, hivyo msemaji wake huelekea kutamka "samba" badala ya "shamba".

Kinachoitenga sanaa hii na mzaha wa kawaida ni uso wa mwigizaji. Mchekeshaji anayetabasamu baada ya kulipotosha neno humwashiria mtazamaji kwamba matamshi ndiyo kichekesho. Hujitenga na mhusika wake na kumwacha achekwe peke yake. Wanjau hakujitenga. Ojwang' hunena kwa uzito wa mwenye boma hata anaposhindwa waziwazi na mkewe, Mama Kayai, aliyeigizwa na Mary Khavere. Kicheko huzaliwa na pengo lililopo baina ya heshima anayoidai mzee na fedheha inayompata, na fedheha hiyo haina kabila.

Isitoshe, mpangaji wa Kibera au Kawangware, awe Mluhya, Mkamba au Mnubi, naye huzungumza Kiswahili chenye athari za lugha ya mama. Kwa Kiswahili hicho hukodi chumba, hununua maji na kuamua ugomvi. Kwake, lugha ya Ojwang' si kosa la kusahihishwa bali ni lugha ya kazi.

Urithi huu umepokewa nusunusu. Charles Bukeko, aliyefariki Julai 2020, aliuendeleza katika Papa Shirandula kwa kumwigiza bawabu anayeng'ang'ania hadhi yake. Lakini baadhi ya wachekeshaji wa jukwaani waliofuata waliichukua lafudhi wakauacha uso: kila kabila likapewa ila yake, na lafudhi ikawa ushahidi wa ila hiyo.

Haiwezi kudaiwa kwamba Vitimbi ilizuia umwagaji damu wa mwaka 2008. Sanaa haina uwezo huo. Hata hivyo, Mkikuyu mmoja aliazima ulimi wa Mjaluo kwa miongo kadhaa, akapendwa na pande zote mbili, kwa kuwa aliuazima kwa heshima. Mhakiki wa uchekeshaji wa Nairobi basi hana budi kuuliza, kabla ya kuhesabu makosa ya sarufi, iwapo mwigizaji yuko pamoja na mhusika wake au yuko pamoja na wanaomcheka.