Ufundi wa Kumpa Mwenzio Mapishi

Mkate wa kumimina hauna kitu cha ajabu ndani yake. Ni mchele uliorowekwa usiku kucha, tui zito, sukari, hamira na iliki; wengine huongeza ute wa yai, wengine hawataki yai lisogee karibu. Vitu vyote hivyo vinapatikana dukani Tanga, Mombasa, Unguja, hata Muscat. Lakini mpe mtu orodha hiyo peke yake, mwache jikoni, na huenda akakutolea kitu kilichoshikana, juu kimeungua na katikati kibichi. Mchele mmoja, mapishi mbalimbali, walisema wazee, na waliosema hivyo walilijua jiko. Mkate uliokubali na uliokataa hutenganishwa na mambo madogo ambayo mpishi mzoefu huyafanya bila kujiambia kwamba anayafanya. Kwa sababu hiyo naona kwamba kumpa mwenzio mapishi ni ufundi kamili, wenye thamani sawa na kupika kwenyewe, na kwamba aliyepika miaka mingi bila kumwelekeza mtu bado hajaujua upishi wake wote. Anaujua kwa mikono. Siku atakapoulizwa "kiasi gani?" na "mpaka lini?" ndipo atakapolazimika kuujua kwa akili pia.

Tuutazame mkate wenyewe. Mchele husagwa pamoja na tui, na jambo la kwanza ni ulaini: ukichukua kidogo ukakisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, ukasikia chembechembe, bado. Tui liwe la vuguvugu, kwa kuwa hamira ni viumbe hai. Joto likipita nyuzi 55 au 60 hufa, na hapo hata ukingoja mpaka magharibi hakitaumuka kitu. Kisha kuna uzito wa mchanganyiko, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Ngano ina ile protini inayovutika na kuyafungia mapovu ya hewa ndani ya donge, mchele hauna. Katika mkate wa kumimina mapovu hushikwa na uzito wa mchanganyiko peke yake. Ukiwa mwepesi, yanapanda na kupasuka. Ukiwa mzito kupita kiasi, hayapati nguvu ya kupanda. Anayejua huinua upawa akatazama jinsi unavyomiminika: utepe mmoja usiokatika, unaokaa kidogo juu ya uso kabla ya kuzama. Halafu ni kungoja, na kungoja nako kuna dalili zake. Uso hujaa vitundu vidogo, bakuli ukilitikisa mchanganyiko unatetemeka wote kwa pamoja, harufu ni tamu ya iliki na nazi, ukali kidogo tu kwa mbali. Ukali ukizidi, ujue umechelewa. Mapovu yameanza kupasuka na mchanganyiko utashuka wenyewe. Sufuria ipakwe samli na ishike moto kwanza, mchanganyiko umiminwe taratibu wala usikorogwe tena, moto wa chini uwe wa wastani. Kingo zikishaanza kukauka na matundu kufunguka juu, makaa hupandishwa kwenye kifuniko. Anayempa mwenzie haya yote amempa mkate. Anayempa vikombe vitatu vya mchele na viwili vya tui amempa nusu yake, na tena ile nusu rahisi.

Mtu anaweza kuniuliza kama vipimo havikuvumbuliwa ili kutuondolea habari za macho na vidole. Swali ni zuri. Mwaka 1896 Fannie Farmer, mwalimu wa mapishi mjini Boston, alitoa kitabu kilichosisitiza kikombe na kijiko vilivyosawazishwa juu kwa kisu, na kitabu hicho kikaenea sana Marekani. Sina neno la kumpinga. Alimsaidia kijana aliyehamia mjini, mbali na mama na shangazi, asiye na wa kumuuliza. Kipimo ni heshima kwa mgeni wa jiko, na wapishi wetu wanaojibu kila swali kwa "weka kiasi tu" wanawatesa wanaojifunza pasipo sababu. Ila kipimo kinafanya kazi pale tu ambapo vinavyopimwa havibadiliki, na vya kwetu hubadilika sana. Mchele wa Kyela hauli maji sawa na pishori ya Mwea, na mchele huohuo ukiwa mpya wa mavuno unataka maji machache kuliko uliokaa ghalani mwaka mzima. Nazi iliyokomaa vizuri hutoa tui lenye mafuta. Iliyochumwa mapema hutoa maji meupe. Hata kuchemka kwa maji si kule kule. Pwani maji huchemka kwenye nyuzi 100, Nairobi, iliyo juu kwa zaidi ya mita 1,700, ni kama nyuzi 94, kwa hiyo maharage ya Mombasa yakifuatwa kwa saa Nairobi yatakuwa magumu. Na aliyeko Toronto mwezi wa Januari ana shida nyingine: mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na hamira katika baridi hiyo inasinzia. Ukimwambia "saa moja" umempoteza. Ukimwambia "mpaka uso ujae vitundu", atajua kutafuta pembe yenye joto ndani ya nyumba na kusubiri saa tatu bila wasiwasi. Mwenye kutoa mapishi vizuri hutoa vyote viwili, kipimo cha kuanzia na dalili ya kusimamia, na akiweza hueleza sababu, maana mwenye sababu anaweza kujiokoa mambo yakienda vingine.

Wapo pia wanaohofia kwamba mapishi yakitolewa ovyo yataharibika. Huyu atatia tui la kopo, yule atasaga kwa blenda, wa tatu ataongeza vanila, na baada ya kizazi kimoja chakula cha wazee hakitatambulika. Naielewa hofu hii, kwa sababu inatoka kwa watu wanaopenda wanachokilinda. Lakini historia ya sahani yetu inasema kinyume. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alieleza chakula alichokaribishwa: wali uliopikwa kwa samli, juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga, ndizi mbichi zilizopikwa katika maziwa, na pembeni achari za ndimu, pilipili, tangawizi na maembe. Alieleza hata ulaji wake, kwamba mtu akila tonge la wali hufuatisha kipande cha achari. Imepita karibu miaka 700, na mtu wa Lamu au Unguja akisoma maelezo hayo hahitaji kufafanuliwa. Sasa tazama pilipili. Pilipili kali tunayoitia kwenye achari leo ni mmea wa Amerika. Ilifika pwani hii baada ya merikebu za Wareno kuanza kupita mwishoni mwa karne ya 15. Aliyoiona msafiri yule ilikuwa nyingine, ya jamii ya pilipili manga. Mahali fulani katikati, wapishi ambao majina yao hatutayajua kamwe waliibadilisha moja kwa nyingine, wakawaonjesha majirani, majirani wakakubali. Muhogo na mahindi vilikuja kwa njia hiyohiyo ya bahari. Chapati na bajia zilitoka Bara Hindi, zikafundishwa jiko kwa jiko, na leo chapati ya kukunja na mafuta katikati inapikwa Kisumu na Bujumbura na watu ambao hawajawahi kuifikiria asili yake kuwa ng'ambo. Kilichoidumisha achari ya embe si ulinzi. Ilidumu kwa kuwa kila nyumba iliyoipokea iliweza kuitengeneza, na palipopotea mpishi mmoja walibaki kumi. Mabadiliko yapo, na mengine ni mabaya kweli. Mimi mwenyewe sioni vanila inafanya nini penye iliki nzuri. Dawa yake ni kutoa mapishi pamoja na sababu zake, ili anayetaka kubadilisha ajue anachokiacha.

Pingamizi zito kuliko yote ni jingine, nalo haliwezi kujibiwa kwa wepesi. Ni nani hasa anayepika kwa kujifurahisha? Kwa wanawake wengi wa Afrika Mashariki kupika ni zamu isiyo na likizo: kuwasha mkaa ambao bei yake haishikiki, kuchambua, kukuna nazi, kuosha masufuria, na kesho kurudia. Kumwambia mtu huyo kwamba jikoni kuna raha kunaweza kuwa dhuluma juu ya dhuluma. Nakubali, na simdai yeyote raha. Ninachosema ni kwamba kuna upishi wa aina mbili hata ndani ya mikono ileile. Ugali na maharage ya Jumanne lazima vitoke sawa, hakuna nafasi ya kujaribu, watoto wana njaa. Bali kuna siku za Idi, za Krismasi, za mgeni, au jioni moja tu yenye utulivu, ambapo mtu huyohuyo huamua kutengeneza visheti ambavyo hakuna aliyemwagiza, na ukimtazama utaona haendi mbio. Ufundi hukua katika saa hizo, kwa sababu ndizo pekee ambazo kukosea hakumlazi mtu na njaa. Ikiwa saa hizo ni chache, basi swali ni jinsi ya kuziongeza, na kutoa mapishi ni mojawapo ya njia. Mvulana aliyefundishwa kupika wali wa nazi ukaiva bila kushika chini amempunguzia mama yake au mkewe zamu. Wala mtu asiseme kwamba jiko si la wanaume: katika harusi za pwani pilau na biriani ya watu mia tano hupikwa uani kwenye masufuria makubwa, na mara nyingi wanaosimama na miko ni wanaume, tena wanaojivunia kazi yao. Ujuzi wanao. Kinachokosekana ni kuuleta ndani ya nyumba siku za kawaida. Hata kujua kwamba maharage yaliyolala kwenye maji huiva mapema na kula mkaa kidogo ni mapishi, na aliyemwambia jirani yake amempa kitu cha kufaa zaidi kuliko sahani ya keki.

Na mama lishe je, au yule dada anayeuza vitumbua kona ya barabara? Huyo hana deni kwa mtu. Mchanganyiko wake ndio mtaji wake, na akiamua kuufunga mdomo nani atamlaumu. Ingawa nadhani anapoteza kidogo sana akiusema. Mteja wake anamlipa kwa kuamka saa kumi alfajiri, kwa kukijua chuma chake ni tundu lipi linashika na lipi linawahi kuungua, kwa kukigeuza kitumbua kwa kijiti wakati ukingo umegeuka rangi na tumbo bado ni bichi, na kwa kuwa pale kila siku bila kukosa. Jirani mwenye mapishi yale yale mkononi bado atanunua vitumbua sita asubuhi ya kazi. Ninaowasema mimi ni watu wa majumbani, wenye mapishi yasiyouzwa wala yasiyomletea mtu shilingi, ambao bado wanayaficha, au wanayatoa kwa kupunguza kitu kimoja makusudi ili cha mwenzao kisipate kufanana na chao. Hilo linanihuzunisha. Mapishi ya namna hiyo yanaishi muda ule ule anaoishi mwenyewe, na mara nyingi familia hugundua kwamba hayakuwahi kuandikwa wakati wa hitima au matanga, mtu anapouliza ni nani sasa atatengeneza ile kalimati.

Upishi wetu una desturi moja inayonifanya nisikate tamaa. Mwezi wa Ramadhani, kabla ya adhana ya magharibi, watoto hutumwa nyumba kwa nyumba na sahani zilizofunikwa, na sahani ya jirani hairudishwi tupu. Kutoa chakula tunajua. Kinachobaki ni kutoa na namna yake, na hilo linataka uvumilivu wa pande zote mbili. Video fupi za simu zinasaidia kuonyesha umbo la kitu, ila hukata sehemu ya kungoja, na kungoja ndiko kunakowashinda wanaoanza. Tui la mchuzi wa samaki, kwa mfano, linaonekana kwenye video likimiminwa na sekunde moja baadaye limeshaiva. Mtazamaji haoni kwamba mkono uliendelea kukoroga, moto ukiwa mdogo, ili tui lisikatike na mafuta kujitenga. Anayetaka kuyapata mapishi ya shangazi au bibi yake na aende mwenyewe, na mizani ndogo ya jikoni na daftari. Amwombe bibi achote chumvi kwa mkono wake kama kawaida, lakini aiweke kwanza kwenye kibakuli ipimwe, kisha ndipo iingie chunguni. Afanye vivyo hivyo kwa bizari ya pilau na kwa tui. Arudi tena mara ya pili, apime upya. Namba hazitalingana. Hapo ndipo amuulize kwa nini leo amepunguza, na aandike jibu lake lote, hata kama ni kwamba vitunguu vya wiki hii ni vitamu au nyama ina mafuta mengi.