Nasaba ya Kitabu cha Senti Kumi

Mpimaji wa vitabu vya katuni akiona alama ya penseli kwenye jalada, anaweza kuihesabu kuwa dosari na kupunguza alama. Mtafuta asili, yule anayefuatilia kitabu kilitoka wapi, akiiona alama hiyohiyo, anavuta kiti karibu. Huyu wa pili ndiye ninayetaka kumsifu hapa, kwa sababu kazi yake haina kelele, na wengi wanaotoa mamilioni ya dola kununua vitabu hivi hawatambui jinsi imani yao inavyomtegemea.

Vitabu vyenyewe vilikuwa vitu vya kawaida kabisa. Katika Marekani ya mwishoni mwa miaka ya 1930, kitabu kimoja kiliuzwa senti 10: kurasa 64 za karatasi ya gazeti, zimebanwa kwa pini ndani ya jalada la rangi. Watoto walivikunja wakavitia mfuko wa nyuma wa suruali, wakaazimana, wakavisahau uani, na mama zao wakavitupa. Vita vya Pili vya Dunia vilipowaka, wananchi walihimizwa kutoa karatasi chakavu, na marundo kwa marundo yakaenda kusagwa. Baada ya vita kuna miji iliyovikusanya na kuvichoma hadharani, na mwaka 1954 daktari wa magonjwa ya akili Fredric Wertham akatoa kitabu kilichovituhumu kwamba vinawaharibu watoto. Hata vile vilivyonusurika mikononi mwa watu havikunusurika na karatasi yao wenyewe. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mti uliosagwa, ina asidi ndani yake, na asidi hiyo huila polepole: huanza kuwa ya njano, kisha ya kahawia, mwishowe hukatika ukiigusa tu.

Ndiyo maana nakala ya mwaka 1938 yenye kurasa nyeupe ni jambo la kustaajabisha. Mtu makini akiiona hawezi kuacha kuuliza: wewe ulikuwa wapi miaka yote hii?

Kwa vitabu vingi vilivyo bora kuliko vyote duniani, jibu ni nyumba moja ya jiji la Denver, jimbo la Colorado. Humo aliishi Edgar Church, mchoraji wa matangazo, aliyezaliwa mwaka 1888. Alikuwa mtu mzima wa umri wa makamo vitabu vya katuni vilipoanza kutoka, si mtoto aliyeponyoka na senti 10 za mama. Alivinunua mwezi baada ya mwezi kwa miaka mingi, akavipanga kwa marundo ndani ya nyumba, katika chumba cha chini ya ardhi. Idadi yake hutajwa kuwa kati ya 18,000 na 22,000. Mnamo Januari 1977, familia yake ilipokuwa ikitaka kuondoa vitu vyake, simu ilipigwa kwenye duka la kijana wa miaka 21, Chuck Rozanski, mmiliki wa Mile High Comics. Alikwenda kuangalia, akakuta karatasi nyeupe na rangi zinazong'aa kana kwamba gari la msambazaji limepita asubuhi ile. Church mwenyewe alifariki mwaka uliofuata.

Ubora ule una sababu zake, na mtafuta asili huzijua moja baada ya nyingine. Denver iko juu, kama mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni kavu. Chumba cha chini ya ardhi kina ubaridi na giza. Vitabu vilivyolazwa kwa marundo hukandamizana, hewa haipenyi kati ya kurasa, na migongo yake hubaki imenyooka. Hakuna aliyevisoma mara kumi. Mwanga, joto, unyevu na mikono, maadui wanne wa karatasi, wote walizuiwa mlangoni bila mtu kupanga hivyo. Nakala ya Church ya Action Comics namba 1, kitabu cha Juni 1938 kilichomleta Superman, inaaminiwa na wengi wa fani hii kuwa ndiyo bora kuliko zote zilizobaki.

Rozanski aliviuza. Na hapo ndipo kazi ninayoisifu ilipoanza, maana vitabu vilitawanyika Marekani nzima na nje yake, bila hati mkononi. Kitabu kilichotoka kwa Church hupata bei ya juu kuliko nakala nyingine ya toleo lilelile, kwa hiyo kila muuzaji angependa kusema chake kimetoka Denver. Nani atasema ni kweli?

Tazama basi jinsi kitabu kinavyohojiwa. Mikono imeoshwa na kukaushwa sawasawa. Kitabu kinalazwa kwenye meza safi, na kwanza hakifunguliwi. Mtazamaji hukiinamisha kidogo chini ya taa ili mwanga uteleze juu ya jalada: wino uliokaa gizani una mng'ao wake, na mahali palipopakwa rangi baadaye mng'ao huo hukatika. Kisha huangalia kingo. Kitabu kilichokaa kwenye rundo huku cha juu yake kimesogea kidogo huwa na mstari mwembamba wa kivuli pembeni, pale vumbi na mwanga vilipofika. Mstari huo ukiufananisha na wa vitabu vingine vya rundo lilelile, unaweza kuona vilivyokuwa majirani. Huangalia pini: ziko wapi, zina kutu, je, kutu imeingia kwenye karatasi? Mashine zilikuwa zikibana na kukata kwa kasi, hivyo hakuna nakala mbili zilizokatwa na kubanwa sawa kabisa. Umbali wa pini kutoka ukingoni, kipande cha picha ya nyuma kilichohamia mbele kwa sababu jalada lilikunjwa upande, tone la wino lililorukia mahali pasipo pake: hivyo vyote ni sura ya kitabu kimoja tu, na picha ya zamani ya mnada inatosha kukitambua hata kikibadilisha wenyewe mara saba.

Halafu inakuja taa ya urujuanimno, ambayo chini yake gundi, rangi iliyoongezwa na karatasi ya kiraka hujianika. Baada ya hapo kitabu hufunguliwa nusu, taratibu, kuona weupe wa ndani, na watafuta asili wengi hukinusa. Msomaji asicheke. Karatasi inayooza ina harufu yake ya siki, iliyokaa na unyevu ina harufu ya ukungu, na aliyevishika vitabu vya Church vingi huijua harufu yake kama fundi cherehani anavyoijua nguo aliyoishona mwenyewe.

Lakini shahidi mkubwa ni penseli. Vitabu vingi vya Church vina herufi na tarakimu ndogo juu ya jalada. Ukiweka pamoja vile vya miezi inayofuatana, mkono ni mmoja, mpangilio ni mmoja, na anayekuja na alama ya kubuni anapaswa kupatia mwandiko, nafasi na mwezi kwa pamoja. Alama za namna hii zilikuwa sehemu ya biashara ya magazeti kote Marekani. Muuza magazeti alipiga mhuri au kuandika tarehe ya kupokea ili ajue lini akiondoe kitabu rafuni, kwa kuwa visivyouzwa vilirudishiwa fedha: alichana sehemu ya jalada na kumpelekea msambazaji kama ushahidi. Wasambazaji nao wengine walipulizia rangi kwenye ukingo wa juu wa furushi zima. Kitabu kiliingia sokoni wiki kadhaa kabla ya mwezi uliochapishwa kwenye jalada. Action Comics namba 1 inasema Juni, lakini ilitoka Aprili 18, 1938. Kwa hiyo mhuri wa Aprili juu ya kitabu cha Juni ndio unaopatana na ukweli, na mghushi asiyejua biashara hiyo angeandika Juni.

Hadithi ninayoipenda kuliko zote katika fani hii ni ya mkusanyiko wa Larson. Wakusanyaji walikuwa wakikutana na vitabu safi vya mwishoni mwa miaka ya 1930 na mwanzoni mwa miaka ya 1940 vyenye jina moja la penseli juu ya jalada: Larson. Walivithamini, lakini Larson ni nani? Wakili mmoja wa Connecticut, Jon Berk, mkusanyaji mwenyewe, hakuridhika na kutojua. Alifuata nyuma: nani alikuuzia, naye alinunua kwa nani, na huyo je? Kila muuzaji alimpeleka kwa aliyemtangulia, mpaka njia ikaishia Wausa, mji mdogo sana wa Nebraska, na kwa Larson mwenyewe, akiwa hai. Alikuwa mtoto wa pale. Duka la dawa la mji liliuza vitabu vya katuni, na muuzaji aliandika jina la kijana huyo kwenye jalada ili nakala yake isichukuliwe na mwingine.

Ninaposoma habari hiyo, kinachonigusa ni upole wa yule wa dukani zaidi ya bei za minadani. Mtu anamwekea mtoto kitabu cha senti 10, anaandika jina kwa penseli kama mtu wa duka anavyofanya popote, na miaka hamsini na zaidi baadaye maandishi hayo yanatosha kumrudisha wakili kutoka pwani ya mashariki hadi kaunta ileile. Wakili hakulipwa kwa kazi hiyo. Alitaka tu kujua, na akataka ijulikane.

Si kila nasaba inahitaji safari kama hiyo. William Gaines, mchapishaji wa vitabu vya katuni vya EC, aliweka nakala kadhaa za kila toleo alipokuwa akichapisha, zikakaa zimefungwa kwa miongo, na zilipouzwa zilitoka na hati yake. Vitabu vya Billy Wright, alivyovinunua akiwa mtoto na kuvitunza maisha yake yote, vilikutwa na mjukuu wa ndugu yake kabatini huko Virginia, na mwaka 2012 vikauzwa mnadani kwa takriban dola milioni 3.5. Hapo mlolongo una pete mbili tu, na kila pete ina mtu wa familia. Kazi ya namna hiyo ni nyepesi, na sina la kuongeza.

Kuna nakala ya Marvel Comics namba 1, ya mwaka 1939, ambayo kwa macho ya mpimaji imechafuliwa kurasa kwa kurasa. Lloyd Jacquet, aliyeongoza studio ya Funnies Inc. iliyotengeneza hadithi zake, aliitumia kama daftari: pembeni mwa hadithi aliandika kwa penseli kiasi alicholipwa kila msanii. Ungeifuta, ungepata kitabu safi na kupoteza ushahidi wa nani alilipwa nini katika mwanzo wa kampuni ambayo leo filamu zake zinajaza kumbi za dunia nzima. Haikufutwa. Mwaka 2022 iliuzwa kwa dola milioni 2.4.

Ninaitaja kwa sababu kifutio kimekuwa tishio la kweli. Vitabu vya zamani hukandamizwa kwa joto na kusafishwa ili vipande daraja, na daraja moja la juu linaweza kumaanisha maelfu ya dola. Anayesafisha huona alama ya penseli kama uchafu unaotoka kwa urahisi, na kweli hutoka. Pamoja nao hutoka duka, mji na mwezi. Jalada likishasuguliwa, mtafuta asili hubaki na pini na kingo tu, na mara nyingine hizo hazitoshi.

Tangu mwaka 2000 kampuni ya CGC imekuwa ikipima vitabu na kuvifunga ndani ya makasha magumu ya plastiki. Imesaidia sana: inatambua rasmi nasaba za mikusanyiko mikubwa, ikiwemo ya Church, na kuiandika kwenye lebo. Ila kitabu kilichofungwa hakifunuliwi tena, hakinusiki, na kurasa zake za ndani hazionekani. Kizazi kipya cha watafutaji kinafanya kazi kwa picha za minada, kikilinganisha kona moja na nyingine kwenye skrini, na kinaweza tu kulinganisha kile kilichopigwa picha. Mara nyingi ni jalada la mbele na la nyuma, basi. Ningependa kila kitabu kinachoingia kwenye kasha kipigwe kwanza picha za kingo zote, za pini, za ndani ya jalada na za kila alama ya penseli, na picha hizo ziwekwe mahali ambapo yeyote anaweza kuziona. Ni kazi ya dakika chache wakati kitabu kiko wazi mezani, na hakuna anayeweza kuifanya baadaye bila kuvunja plastiki.