Nani Anabaki Stesheni? Zilipendwa za Kijapani za Majira ya Kuchipua

Wapo wanaosema kwamba nyimbo za Kijapani za majira ya kuchipua ni nyimbo za maua tu. Maua yamechanua, maua yamedondoka, mwimbaji analia, basi, kanda imekwisha. Wenye msimamo mkali zaidi huongeza kuwa huko ni kudekeza huzuni, na kwamba fasihi isiyouliza swali haina faida kwa jamii. Mimi nawabishia. Tatizo lao ni kwamba wanazisikiliza kwa kufuata maua, wakati nyimbo hizi hufuata kalenda na garimoshi.

Hebu tuanze na kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali ya Japani huanza tarehe 1 Aprili, utaratibu uliowekwa mwaka 1886. Shule nazo zikafuata mmoja baada ya mwingine, hadi Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo kilipoiacha Septemba mwaka 1921. Matokeo yake ni kwamba mahafali hufanyika Machi, na Aprili kila mtu yuko mahali papya. Mtoto kaingia shule nyingine, kijana kaanza kazi, karani kahamishiwa tawi la mbali. Nchi nzima inaagana ndani ya wiki chache! Wakati huohuo ndipo sakura, yaani maua ya mcheri, yanapochanua na kupukutika kwa muda usiozidi wiki mbili hivi. Kwa hiyo ua si chanzo cha huzuni. Ua ni shahidi tu. Aliyepanga kuagana ni serikali.

Ukishalijua hilo, utaona kwamba swali kubwa la nyimbo hizi ni moja: mwenzangu anaondoka, je, anayebaki afanye nini?

Swali hili lina mizizi katika maisha ya wavuja jasho. Kuanzia mwaka 1954 hadi 1975 kulikuwa na magarimoshi maalumu yaliyowabeba watoto wa vijijini, wengi wao wakiwa ndiyo kwanza wamemaliza shule ya kati wakiwa na miaka 15, kuwapeleka viwandani na madukani Tokyo. Yaliwabeba baada ya mahafali, na wale wa kaskazini waliteremkia stesheni ya Ueno. Ati waliitwa "mayai ya dhahabu". Dhahabu ya nani? Ya mwenye kiwanda, bila shaka. Mwaka 1964 Hachirō Izawa aliimba "Aa Ueno Eki", wimbo wa kijana wa namna hiyo anayeikumbuka kwao kila apitapo stesheni ile. Fani yake ni ya kizamani, sauti inavutwa, ala zinalia. Lakini maudhui yake yana uzito kwa sababu mtunzi anajua garimoshi lilitoka wapi na lilimbeba nani.

Miaka kumi baadaye safari inageuka. "Nagoriyuki", iliyotungwa na Shōzō Ise wa kundi la Kaguyahime mwaka 1974 na kupata umaarufu mkubwa kwa sauti ya mwanamke, Iruka, mwaka 1975, inatuweka tena stesheni Tokyo. Safari hii msichana ndiye anayerudi kwao, na mwanamume amesimama kando ya garimoshi akimtazama. Theluji inaanguka ilhali majira yake yamepita. Jina lenyewe la wimbo lina maana ya theluji iliyobaki nyuma. Ua halitajwi kabisa! Bwana wee, hapa ndipo mtunzi alipofaulu. Angeweza kutuwekea micheri tukalia kwa urahisi. Yeye katupa baridi, saa ya stesheni, na mtu asiyejua aseme nini. Theluji imechelewa kuondoka, na mwanamume naye kachelewa kusema. Fani na maudhui vimeshikana hivyo bila mtunzi kutueleza.

"Haru Ichiban" ya wasichana watatu wa Candies, iliyotoka kama singo mwaka 1976, inaonekana kuwa kinyume chake. Ni wimbo wa kuchangamka, wa kuvua koti na kutoka nje. Lakini lichunguze jina lake. "Haru ichiban" ni ule upepo mkali wa kwanza wa kusini katika majira hayo, na husimuliwa kwamba neno hilo lilitoka kwa wavuvi wa kisiwa cha Iki, ambako mwaka 1859 upepo huo uliwaua wavuvi 53. Mtu wa pwani anayejua kusi na kaskazi haambiwi kwamba jina la upepo hubeba makaburi. Vijana wa mjini wakalichukua neno la msiba wakalifanya neno la furaha. Sisemi wamekosea. Nasema wimbo mwepesi nao una waliobaki ufukweni, hata kama mwimbaji hawaoni.

Mwaka 1985 nyimbo kadhaa zilitoka kwa jina lilelile, "Sotsugyō", maana yake kuhitimu. Mbili kati yake zinastahili kuwekwa pamoja. Yutaka Ozaki, kijana aliyefariki mwaka 1992 akiwa na miaka 26, anaimba shule kama gereza, vioo vinavunjwa, na anajiuliza kama kutoka getini ndiyo uhuru kweli. Yuki Saitō, kwa maneno ya Takashi Matsumoto, anaimba binti anayeonekana mkavu kwa kuwa halii siku ya mahafali. Wahakiki wapenda mapambano watamchagua Ozaki mara moja. Mimi naona binti naye kagoma. Ozaki anavunja dirisha; yeye ananyima sherehe machozi yake. Ugomi wake ni wa kimya, ila ni ugomi.

Sasa tuje kwenye kasoro. Kuanzia mwaka 2000 hivi lilikuja wimbi la sakura. Naotarō Moriyama mwaka 2003, Ketsumeishi na Kobukuro mwaka 2005, Ikimono-gakari mwaka 2006, wote wana wimbo uitwao "Sakura". Wa Moriyama nauheshimu: sauti na piano tu, rafiki akimuaga rafiki. Lakini wimbi lenyewe lilizoesha wasanii uvivu. Ukitaja ua, msikilizaji analia mwenyewe. Kazi ya mtunzi imefanywa na kalenda. Nani anaondoka? Anakwenda wapi? Hatuambiwi. Hiyo ni huzuni ya kununua dukani.

Na nguvu ya kalenda si mchezo. "3 Gatsu 9 Ka" ya Remioromen, iliyotoka mwaka 2004, ilitungwa kwa ajili ya harusi ya rafiki. Kwa kuwa jina lake ni tarehe 9 Machi, na baada ya kutumiwa katika tamthilia ya televisheni mwaka 2005, wanafunzi wameufanya wimbo wa mahafali. Mtunzi alikuwa arusini, wasikilizaji wakamhamishia shuleni!

Kwangu mimi kilele cha mkondo huu hakikutoka studio. Mwaka 1991, katika shule ya kati ya Kagemori mjini Chichibu, mwalimu mkuu Noboru Kojima aliandika maneno na mwalimu wa muziki akatia sauti. Walimu wakawaimbia wanafunzi waliokuwa wakihitimu. Wimbo ni "Tabidachi no Hi ni", siku ya kuanza safari, na umeenea shule za Japani nzima. Maneno yake si mapya, ndege na anga tumeviona kwingi. Lakini fikiria anayeimba ni nani: ni mwalimu, mtu ambaye kila Machi hubaki. Swali lililoachwa stesheni na "Nagoriyuki" limepata jibu. Anayebaki na aimbe, amwachie mwenzake njia.

Siku hizi ua lenyewe linaihama kalenda. Mwaka 2021 micheri ya Kyoto ilifikia kilele tarehe 26 Machi, mapema kuliko mwaka wowote uliotangulia katika kumbukumbu za miaka 1,200. Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, serikali ilijadili kuhamishia mwanzo wa masomo Septemba, ikaacha. Kwa hiyo watoto wataendelea kuagana Machi, na wakiingia shule mpya Aprili wengi watakuta matawi yameshaota majani. Nyimbo zilizoliegemea ua zitapata tabu. Ile ya theluji na stesheni haitadhurika, maana garimoshi bado linaondoka. Kijana mwenzangu unayetunga, kabla hujalitaja ua, tuambie kwanza nani kabaki.