Sifa za Mwashi wa Jangwani

Salahuddin al-Ayyubi ana wa kumsifu wengi. Leo ninawasifu waashi wake, waliomjengea Qal'at al-Jundi, magharibi mwa Sinai.

Ngome hii imekaa juu ya kilima chenye magenge, zaidi ya mita 600 kutoka usawa wa bahari, ikiangalia njia ya Misri kwenda Ayla, yaani Aqaba ya leo. Ndiyo njia ya misafara ya biashara na ya mahujaji wa Makka. Wapiganaji wa Msalaba walipoikamata Ayla mwanzoni mwa karne ya 12, hujaji wa Misri ikambidi aufuate Mto Nile kwenda kusini, akate jangwa hadi bandari ya Aydhab, kisha avuke Bahari ya Shamu. Msafiri Ibn Jubayr alipita huko mwaka 1183, akapanda chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi, na hakuficha chuki yake kwa bandari ile. Salahuddin alikuwa ameshaikomboa Ayla mwaka 1170 kwa merikebu zilizobebwa vipande vipande na ngamia. Kuikomboa njia ni jambo moja. Kuilinda mwaka hadi mwaka kunataka watu wakae jangwani, na watu hunywa.

Hapo ndipo ninapomvulia mwashi kofia. Kuta si ajabu sana, maana kilima chenyewe ni ukuta. Kazi ni birika. Mvua ya Sinai huja kwa nadra, ikamwagika kwa kishindo, ikaenda zake. Ni lazima inaswe papo hapo, ihifadhiwe gizani chini ya matao ya mawe jua lisiifikie, na kuta za birika zipakwe chokaa tabaka kwa tabaka, zisuguliwe hadi zikatae kupitisha tone. Ufa mmoja tu, na kikosi kitahama bila adui kurusha mshale. Na chokaa haipatikani bila moto: wachomaji matumbawe wa pwani yetu wanajua tanuri linavyokula kuni. Hebu fikiria kuzitafuta kuni hizo Sinai!

Maandishi ya ngomeni yana mwaka 583 Hijria, sawa na 1187. Ni mwaka wa vita vya Hittin, mwaka Quds, yaani Yerusalemu, iliporudi mikononi mwa Waislamu. Vitabu vya historia vimejaa panga za mwaka huo. Mwiko wa mwashi haumo.

Ukijaliwa kufika Qal'at al-Jundi, usikimbilie kupiga picha ukutani. Tafuta kwanza birika, ukaguse lipu yake.