Ekzosi ya Kombi kwenye barabara ya Kutulo

Ukitafuta ekzosi mpya ya Kombi ya zamani ya Volkswagen, wauzaji wengi wa ng'ambo watakusifia kwanza jambo moja: haishiki kutu. Sifa hiyo ina uzito Ujerumani, Uingereza na kaskazini mwa Marekani, ambako barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu. Chumvi hula bomba kutoka nje, na mwenye gari yuko radhi kulipa pesa nyingi ili apate chuma cha pua. Kutulo, mpakani mwa kaunti za Wajir na Mandera, hakuna barafu wala chumvi ya barabarani, na mwaka wa kawaida mvua haifiki milimita 400. Huko ekzosi hufa kwa kutikiswa mpaka ipasuke, kwa kugongwa na mawe, au kwa kufungwa vibaya na fundi aliyekuwa na nia njema.

Kwa hiyo anayeipeleka Kombi ya kulala kaskazini mashariki asianze na katalogi. Aanze na swali hili: ikikatika kati ya Tarbaj na El Wak, nani ataichomelea, na kwa mashine gani?

Njia kutoka Isiolo hadi Mandera, kupitia Modogashe, Wajir, Kutulo, El Wak na Rhamu, ni kama kilomita 740. Benki ya Dunia iliidhinisha fedha za ukanda huo mwaka 2020, na ujenzi umekuwa ukienda kwa vipande. Pasipo na lami, gari hupita kwenye changarawe iliyojikunja kama bati la paa, na kila mkunjo hupiga magurudumu, fremu na chochote kinachoning'inia chini. Halafu kuna laga, mito mikavu ambayo hujaa ghafla mvua inaponyesha milimani au mbali na barabara. Isitoshe, kuna vipande ambavyo magari husindikizwa na polisi kwa sababu za usalama. Hapo si mahali pa kulala chini ya gari ukitafuta nati iliyodondoka.

Mafundi wapo, na wengi wao ni hodari. Lakini Wajir na El Wak zimeishi miaka mingi kwa umeme wa mitambo ya dizeli iliyo nje ya gridi ya taifa, na mashine utakayoikuta kwa wepesi ni ile ya kuchomelea kwa rodi, inayotengeneza mageti, matangi ya maji na mikokoteni ya punda. Mashine ya kuchomelea kwa gesi ya agoni, inayopendwa kwa chuma cha pua chembamba, usiitegemee.

Sasa tuiangalie injini. Kombi ya kizazi cha pili ilianza kuundwa Ujerumani mwaka 1967 na kukoma mwaka 1979; Brazil iliendelea nayo hadi Desemba 2013, za mwisho zikiwa na injini ya kupozwa kwa maji. Zile za zamani hupozwa kwa hewa, na injini ya ukoo huo si mgeni kwa vumbi letu: Beetle ilishinda katika miaka ya mwanzo ya Coronation Safari, mbio zilizokuja kuwa Safari Rally. Jambo la kwanza la kubainisha ni injini gani iliyomo, maana ekzosi ya moja haiingii kwenye nyingine. Fungua mlango wa injini ulio nyuma. Ukiona kasha refu la bati limesimama juu ya injini, na feni imefungwa pamoja na dainamo upande wa juu, hiyo ni 1600 au ndugu zake wadogo. Ukiona feni iko chini, imekutazama moja kwa moja kwenye ncha ya krankshafti, hiyo ni ile kubwa iliyoingia na modeli ya 1972 kwa ukubwa wa 1700, kisha 1800 na 2000. Uchambuzi huu unahusu 1600.

Injini hiyo ina silinda nne zilizolala, mbili kila upande. Silinda mbili za nyuma, namba 2 na 4, hutoa moshi moja kwa moja kwenye sailensa iliyolala nyuma ya injini. Silinda mbili za mbele, namba 1 na 3, hupitisha moshi kwanza ndani ya maboksi ya hita, moja kila upande, ndipo ufike kwenye sailensa. Gari halina maji ya rejeta ya kupashia watu joto, hivyo wahandisi walichukua joto la moshi: feni husukuma hewa safi kuzunguka bomba la moto ndani ya boksi, na hewa hiyo hupelekwa kwenye kabati la abiria. Ni ufundi wa akili kwa nchi ya theluji.

Kwa Kutulo, ambako nyuzi 35 za joto mchana si habari, maboksi hayo ni mzigo. Kuna hatari pia. Yakioza ndani, moshi huchanganyika na hewa inayokwenda kwa abiria, na humo mna gesi ya kaboni monoksaidi isiyo na rangi wala harufu. Katika gari la kawaida hilo ni jambo baya. Katika gari ambalo watu hulala ndani ni jambo la kuua.

Mnunuzi basi ana njia tatu. Ya kwanza ni kurudisha kila kitu kama kilivyotoka kiwandani: maboksi mapya ya hita na sailensa ya asili. Injini hubaki katika hali iliyopimiwa, kelele ni ndogo, na kila kipande hukaa mahali pake bila kulazimishwa. Ila maboksi mazuri ni ghali, ya bei rahisi mara nyingi hayakai sawa, na unalipia hita ambayo hutaiwasha.

Ya pili ni ekstrakta: mabomba manne yanayokutana sehemu moja na kuingia kwenye sailensa ndogo. Wauzaji huahidi nguvu. Kwa injini yenye nguvu za farasi 50 hivi ambayo haijaguswa kitu kingine, faida ni ndogo, ilhali gharama zake ni tatu. Kelele huongezeka, na safari ya siku nzima huchosha. Sailensa yake mara nyingi huning'inia chini kuliko ile ya asili, na hiyo ndiyo ya kwanza kukutana na jiwe unapopanda ukingo wa laga. Tena moshi ukitoka kwa wepesi zaidi bila kabureta kurekebishwa, mchanganyiko unaweza kupungukiwa petroli, na injini inayopozwa kwa hewa huchemka zaidi inapokula mchanganyiko mwembamba. Kwenye jua la Wajir hutaki kuongeza hata chembe ya joto kwenye silinda hedi.

Ya tatu ndiyo ninayoitetea: bakisha sailensa ya umbo la asili, toa maboksi ya hita, na mahali pake weka mabomba mawili matupu yaliyopindwa mfano wa herufi J. Uzito unapungua, hatari ya moshi wa hita inaondoka, na sehemu ya chini ya gari inakuwa wazi, yenye nafasi ya kuingiza spana. Bomba la J ni kitu ambacho fundi yeyote mwenye kipande cha bomba na flanji anaweza kukiiga.

Hata hivyo, njia hiyo ina masharti mawili ambayo hurukwa mara nyingi. Kasha la feni lina matundu mawili makubwa yaliyokuwa yakipeleka hewa kwenye maboksi ya hita. Ukiyaacha wazi, hewa iliyopaswa kupoza silinda humwagika bure. Yazibwe kwa vifuniko vya bati vilivyokaza, si kwa matambara. Sharti la pili ni mabati yanayoizunguka injini. Kazi yake ni kutenganisha sehemu mbili: juu hewa baridi inayovutwa na feni, chini joto la ekzosi. Maboksi yakitoka, mianya hubaki pembeni, na feni huanza kuvuta hewa iliyokwisha pashwa na mabomba. Mwenye gari atalaumu mafuta ya injini, atalaumu taimingi, kumbe injini inapumua joto lake yenyewe. Kila mwanya ukatiwe bati na kufungwa kwa skrubu.

Upande wa chuma, hapa ndipo ushauri wa Ulaya unapogeuka. Bomba la chuma cha kawaida la urefu wa mita moja, likipanda joto kwa nyuzi 500, hurefuka milimita 6 au 7. La chuma cha pua cha daraja la 304 hurefuka karibu milimita 9. Likiwa limebanwa kwenye ncha zote mbili na linatikiswa saa sita mfululizo, tofauti hiyo huishia kwenye ufa pembeni ya mshono. Ufa wa chuma cha kawaida hufungwa kwa rodi ya kawaida, ile ile ya kuchomelea geti. Chuma cha pua kinataka rodi zake, na kukiunga na flanji ya chuma cha kawaida kunataka rodi za daraja la 309. Kama huna rodi hizo kwenye sanduku lako, usidhani duka la vifaa la njiani litakuwa nazo.

Chuma cha kawaida basi, lakini kiwe kinene. Bomba la unene wa milimita 1.6, yaani geji 16, linafaa kuliko la milimita 1.2 linalouzwa kwa wepesi wake. Kipenyo cha takriban inchi moja na nusu kinatosha injini hii. Vipande kama hivyo hupatikana Nairobi, kwa wauza spea wa Grogan na mafundi wa jua kali, na inafaa kupinda na kupima huko kabla ya kuvuka Isiolo. Kutu ya kujali ni ya ndani: kila lita ya petroli inayoungua huzaa karibu lita ya maji kwa njia ya mvuke. Safari ndefu huyakausha. Gari linalowashwa dakika tano uani kila Jumapili ndilo linaloozesha sailensa.

Onyo moja kuhusu bomba la maji. Duka la vifaa la mji mdogo halikosi bomba lililopakwa zinki, na kishawishi cha kulitumia ni kikubwa. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420, na moshi wake wakati wa kuchomelea humletea fundi homa. Kama hakuna jingine, zinki ikwanguliwe yote penye mshono, na kazi ifanyiwe nje penye upepo.

Kufunga ndiko kunakoamua maisha ya ekzosi. Nati za zamani kwenye silinda hedi hazitolewi kwa nguvu za mkono. Stadi zinazoshika nati hizo zimeingia kwenye aluminiamu. Ikikatika moja, umejitwisha kazi ya kutoboa na kutengeneza uzi upya mahali pasipo na drili nzuri. Paka mafuta ya kupenya jioni, uache usiku kucha. Asubuhi pasha nati moto, ikaze kidogo kwanza mpaka isikike ikilegea kutoka kwenye kutu, ndipo uifungue. Wakati wa kurudisha, tumia nati mpya za milimita 8 zilizopakwa shaba na gasketi mpya. Funga kila kiungo kwa vidole, tikisa mfumo mzima ujipange wenyewe, kisha kaza kuanzia silinda hedi kuelekea sailensa. Nguvu ya niutoni-mita 20 hivi inatosha. Anayekaza upande mmoja mpaka mwisho kabla ya mwingine amekwisha liweka bomba katika mvutano, na barabara itamalizia.

Wakati wa kutengeneza flanji, zifungwe kwenye bamba nene la chuma kabla ya kuchomelewa, ziachwe zipoe zikiwa zimebanwa hapo. Flanji iliyopinda hata nusu milimita hutoa moshi bila kujali gasketi.

Lipo kosa moja la ukarimu. Fundi anaiona sailensa imening'inia kwenye injini pekee, anaona barabara ilivyo, basi anaongeza kishikio cha chuma kwenda kwenye bampa au fremu ili aiimarishe. Injini ya Kombi imekaa juu ya raba na hucheza. Fremu haichezi nayo. Ukiifunga sailensa pande zote mbili, kila mtetemo wa injini unaishia kwenye mshono. Ekzosi hii ilibuniwa isafiri pamoja na injini, na iachwe hivyo.

Ukimaliza, washa injini ikiwa baridi, ziba mdomo wa ekzosi kwa kitambaa kinene kwa muda mfupi, na usikilize. Mlio wa tsi-tsi huonyesha kiungo kinachovuja. Baada ya siku ya safari, alama ya masizi meusi itathibitisha. Angalia pia mpira wa petroli: Kombi nyingi zimeteketea kwa sababu ya mpira mzee uliopasuka karibu na joto. Mdomo wa bomba utokeze kupita bampa, na mlango wa nyuma usiachwe wazi gari likitembea, hata joto liwe kali namna gani. Mgongo bapa wa Kombi huvuta hewa kuirudisha ndani, na moshi huja nayo.

Anayeishi Limuru au Nyahururu na kusafiri huko huko ana haki ya kubaki na maboksi ya hita, mradi ayakague ndani kila mwaka. Lakini kwa njia ya Wajir, Kutulo na El Wak, hesabu inaelekea upande mmoja: sailensa ya asili, mabomba ya J ya geji 16, chuma cha kawaida, kasha la feni lililozibwa. Sandukuni weka gasketi za seti nzima, nati nane za shaba, stadi mbili, waya wa kufungia, kipande cha bomba la ziada na pakiti ya rodi. Mzigo huo hauzidi kilo chache, na fundi wa mikokoteni atayajua matumizi yake bila kuelezwa.