Kerneli ya Linux Ilivyoendelea Bila Seva Yake

Tarehe 28 Agosti 2011 wasimamizi wa kernel.org waligundua kwamba mvamizi ameingia kwenye seva zao na kupata mamlaka ya juu kabisa. Katika seva iliyoitwa Hera, programu za ssh zilikuwa zimebadilishwa. Hapo ndipo ilipohifadhiwa hazina rasmi ya msimbo wa Linux, kerneli inayoendesha seva nyingi za intaneti na simu zote za Android. Tovuti ilifungwa kwa wiki kadhaa. Hata hivyo toleo la majaribio la 3.1-rc5 lilitoka mwanzoni mwa Septemba, na toleo kamili la 3.1 likafuata tarehe 24 Oktoba.

Msimbo huo hutunzwa kwa Git, programu ya kuhifadhi historia ya mabadiliko. Watumiaji wengi wa Git bado wanaiona hazina ya mbali kuwa ndiyo hazina yenyewe, na ile iliyo kwenye kompyuta zao kuwa kivuli chake. Git haina ngazi hiyo. Jina origin ni lakabu tu ya anwani, ambayo git clone huiandika kwenye faili la .git/config, na unaweza kuibadilisha kwa amri moja ya git remote set-url. Wanaoifanya hazina fulani kuwa rasmi ni watu, kwa kukubaliana. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alipoanza kuandika Git Aprili 2005, mradi wake ulikuwa umepoteza ruhusa ya kutumia bila malipo BitKeeper, programu iliyotunza msimbo wake hadi hapo, na alitaka kila msanidi awe na historia nzima mkononi.

Kwa hiyo kernel.org ilipofungwa, Torvalds alisukuma hazina yake hadi GitHub na kutangaza anwani mpya kwa barua pepe. Msanidi mwenye nakala ya zamani aliweza kuifikia, na kuipima, kwa amri chache:

git remote add github https://github.com/torvalds/linux.git
git fetch github
git log github/master..origin/master
git log origin/master..github/master

Amri ya pili ndiyo yenye uzito. Fetch huleta mabadiliko na kuyaweka kwenye github/master, tawi la ufuatiliaji, bila kugusa kazi yako. Pull ingeyaleta na kuyaunganisha papo hapo na tawi ulilomo, kabla hujajua umepokea nini. Amri ya tatu inauliza kama kuna chochote cha zamani kinachokosekana katika hazina mpya. Isipotoa kitu, historia uliyokuwa nayo imo yote. Ya nne inaorodhesha yaliyoongezwa, na hayo ndiyo ya kukaguliwa. Ningependa kila timu izoee kuzitenganisha hatua hizi hata siku ambazo hakuna mvamizi.

Kipimo hicho kinaaminika kutokana na namna Git inavyohifadhi vitu. Kila badiliko lina kitambulisho cha herufi na tarakimu 40, kinachokokotolewa kwa SHA-1 kutokana na maudhui ya faili zote pamoja na kitambulisho cha badiliko lililotangulia. Ukigusa mstari mmoja wa mwaka 2008, vitambulisho vyote vinavyofuata vinabadilika. Mvamizi angeweza kuandika upya historia ndani ya Hera, lakini maelfu ya nakala zilikuwa nje ya uwezo wake, na msanidi wa kwanza kufanya fetch angeona onyo la forced update. Ndiyo maana wasimamizi waliweza kusema kwa uhakika kwamba msimbo uko salama, ingawa kerneli ilikuwa na faili karibu 40,000.

Lakini kitambulisho hakisemi nani ameandika jambo jipya. Aliyeiba nywila ya msanidi anaweza kupachika badiliko ovu juu ya historia safi, na hesabu zote zikakubali. Hilo ndilo pengo lililozibwa baadaye. kernel.org ilipofunguliwa tena, wasanidi hawakupewa tena nafasi ya kuingia moja kwa moja kwenye seva, na aliyetaka akaunti alihitaji ufunguo wa PGP uliotiwa saini na wenzake. Januari 2012, Git 1.7.9 iliwezesha kuvuta lebo iliyotiwa saini, na saini hiyo ikabaki ndani ya badiliko la muunganisho, ili yeyote aweze kuithibitisha hata miaka baadaye.

Kuna jambo jingine lililowaokoa wasanidi wa kerneli, na hili linazihusu zaidi timu za leo. Ukaguzi wa msimbo wa kerneli ulifanyika kwa barua pepe, hivyo mijadala nayo ilikuwa na nakala kila mahali. Timu inayojadili na kuidhinisha kazi ndani ya tovuti moja haina kinga hiyo. Amri ya git clone --mirror itaokoa matawi na lebo zote, lakini haitagusa maoni ya wakaguzi, orodha ya hitilafu, wala mipangilio ya ruhusa. Hivyo vinahitaji kunakiliwa kwa njia yake, kwa ratiba, na mtu anayejulikana kwa jina awe na jukumu hilo.